Albamu za Nesmith hazikupotea, zilifungashwa vibaya

Kila baada ya miaka kadhaa lebo moja au nyingine hutoa upya albamu za mwanzo za Michael Nesmith, na kila mara kibandiko cha mbele husema yaleyale: huyu ndiye yule wa The Monkees, bendi ya pop ya kipindi cha televisheni, yule mwenye kofia ya sufu, njoo usikie alichofanya baadaye. Kibiashara inaeleweka. Jina la The Monkees bado linauza, ilhali First National Band, bendi aliyoiunda baada ya hapo, halimwambii kitu mtu aliyezaliwa baada ya bendi hiyo kusambaratika. Ila kibandiko hicho ndicho kilichozifukia albamu hizo mara ya kwanza. Anayependa pop ya 1966 huzinunua, akakutana na gitaa la stili linalolia na mwimbaji anayevunja sauti kwa yodeli ya kizamani, akazirudisha rafuni. Anayependa kantri hazigusi kabisa, kwa sababu ya jina hilohilo.

Wahakiki nao wana kauli yao ya siku zote: eti Nesmith aliutangulia wakati wake. Kalenda haikubali. Magnetic South, albamu ya kwanza ya First National Band, ilitoka 1970. Kufikia hapo The Byrds walishatoa Sweetheart of the Rodeo, Agosti 1968; Flying Burrito Brothers na Poco walishatoa albamu zao za kwanza 1969; Bob Dylan alishakwenda Nashville na kurudi na Nashville Skyline. Kantri roki ilikuwa tayari na wasikilizaji wake, magazeti yake na kumbi zake Los Angeles. Nesmith alifika kwa wakati kabisa, akiwa na nyimbo nzuri kuliko nyingi za hao waliotajwa, akakuta mlango umefungwa kwa sababu ya alikotoka. Mtu aliyetangulia wakati husubiri tu wakati umfikie. Mtu aliyewekwa kwenye rafu isiyo yake anahitaji kuhamishwa rafu, na matoleo mapya mengi hayajafanya kazi hiyo.

Kwa asiyemjua: Nesmith alizaliwa Houston, Texas, tarehe 30 Desemba 1942, akakulia Dallas na mama yake, Bette, karani aliyebuni wino mweupe wa kufutia makosa ya taipu, Liquid Paper. Kampuni iliuzwa kwa Gillette mwaka 1979 kwa dola milioni 47.5. (Ndiyo maana wengi hudhani kijana alikuwa tajiri tangu utotoni. Mama alikuwa akilea mtoto peke yake kwa mshahara wa ukarani. Fedha ya maana ilikuja mtoto akiwa mtu mzima.) Kipindi cha The Monkees kilianza kurushwa na NBC tarehe 12 Septemba 1966 na kikafungwa Machi 1968. Muziki wake mwanzoni ulisimamiwa na Don Kirshner, ambaye alitaka vijana waimbe tu na vyombo wapige watu wa studio. Nesmith ndiye aliyeongoza ugomvi uliomwondoa Kirshner mapema 1967, na bendi ikapiga vyombo vyake yenyewe kwenye albamu ya Headquarters.

Kinachosahaulika ni kwamba kantri haikuwa hatua ya baadaye kwake. Ilikuwamo tangu mwanzo. Different Drum aliuandika kabla umaarufu haujampata; Greenbriar Boys, kundi la bluegrass, waliurekodi 1966, kisha Linda Ronstadt akiwa na Stone Poneys akaupeleka hadi namba 13 kwenye chati ya Billboard. Mwishoni mwa Mei 1968, kipindi kikiwa kimekwishafungwa, Nesmith alikwenda Nashville kwa siku chache na kurekodi rundo la nyimbo na wapigaji wa mji huo, baadhi yao ndio waliokuja kuunda kundi la Area Code 615. The Byrds walikuwa wamerekodi mjini humohumo Machi ya mwaka huo. Tofauti ya miezi miwili! Listen to the Band na Good Clean Fun zilitoka kwa jina la The Monkees mwaka uliofuata. The Crippled Lion, Hollywood na Propinquity zilibaki kabatini. Nyingine, kama Nine Times Blue, Calico Girlfriend na Little Red Rider, zilijaribiwa Los Angeles nazo zikabaki. Julai 1969 The Monkees, wakiwa wamebaki watatu, waliimba Nine Times Blue kwenye kipindi cha Johnny Cash. Aliyeitazama siku ile angeweza kubashiri yaliyofuata.

Kwa hiyo Nesmith alipojitoa 1970, kwa gharama kubwa maana ilimbidi alipe ili mkataba uvunjwe kabla ya muda wake, hakuwa akianza upya. Alikuwa na kabati limejaa. Nusu ya Magnetic South ni kazi iliyokwisha kuandikwa, kujaribiwa na kukataliwa.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne. John Ware kwenye dramu. John London, rafiki yake wa tangu Texas, kwenye besi. Nesmith kwenye gitaa na sauti. Na Orville Rhodes, aliyejulikana kama Red, kwenye gitaa la stili la pedali. Rhodes, mzaliwa wa 1930, alikuwa kwenye bendi ya nyumbani ya klabu ya Palomino, North Hollywood, ukumbi wa kantri halisi wa madereva wa malori na mafundi, na pembeni alikuwa fundi wa vyombo, akiunda pikapu za gitaa kwa mikono yake. Humo ndimo thamani ya albamu hizi ilimo, na humo ndimo toleo baya huharibu zaidi, kwa hiyo inafaa tukae hapa kidogo.

Gitaa hili halishikwi begani. Limelala kama meza, lina nyuzi kumi, na mpigaji huketi mbele yake. Mkono wa kushoto unateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi; wa kulia unakwanyua kwa pete za vidole. Mtindo wa kawaida wa Nashville huitwa E9, na kutoka uzi wa kwanza hadi wa kumi nyuzi hufungwa kwa noti hizi: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Chini kuna pedali tatu na nyenzo kadhaa za kusukumwa kwa magoti. Pedali ya kwanza huvuta kila B hadi C#. Ya pili huvuta kila G# hadi A. Sasa chukua uzi wa tatu, wa nne na wa tano: G#, E, B, yaani kodi (noti zinazolia pamoja) ya E. Kanyaga pedali mbili hizo pamoja bila kusogeza chuma hata kidogo: sasa una A, E, C#, yaani kodi ya A. Uzi mmoja umetulia mahali pake na miwili imepanda, kila mmoja kwa umbali wake. Mlio huo wa noti zinazohama ndani ya kodi iliyosimama ndio masikio ya dunia yamezoea kuuita "kantri", na si wa kale sana. Ulianza kusikika redioni na wimbo Slowly wa Webb Pierce, 1954, stili ikipigwa na Bud Isaacs.

Mguu mwingine una kazi ya pekee: pedali ya sauti. Uzi ukikwanyuliwa, sauti yake hushuka. Mpigaji hufungua pedali taratibu kadiri uzi unavyofifia, hivyo noti inasimama muda mrefu kuliko ilivyopaswa, kisha huifunga hadi kimya. Wanaoanza huikanyaga kwa fujo na matokeo yake ni mlio wa kuyumba kama wa ambulensi. Rhodes aliitumia kama pumzi. Sikiliza Joanne, wimbo uliofika namba 21 kwenye chati ya Marekani. Nesmith anarusha sauti yake juu, sauti nyembamba ya kichwani, kisha anashuka. Stili inaingia chini yake bila mkwanyuo kusikika, kwa sababu pedali ilikuwa imefungwa wakati uzi unapigwa na ikafunguliwa baadaye. Husikii chombo kikianza. Unasikia tu kwamba kimekwisha kuwapo.

Sasa fikiria fundi wa sauti anayerekebisha wimbo huu kwa toleo jipya na kuubana ili usikike kwa nguvu sawasawa na muziki wa leo. Kikandamizi cha sauti hufanya kazi moja: hupandisha palipo chini na kushusha palipo juu. Yaani kinafanya kinyume cha kila alichofanya mguu wa Rhodes. Mawimbi yote yanakuwa na kimo kimoja, na stili iliyokuwa ikivuta pumzi inabaki kama kinanda cha kanisani kilichosahauliwa na kidole juu yake. Kosa la pili ni kuondoa mnong'ono wa mkanda kupita kiasi. Mkia wa noti ya stili unapofifia hufika kwenye kiwango kilekile cha mnong'ono, na programu ya kusafisha haiwezi kuvitofautisha, hivyo inakata vyote viwili. Dalili yake ni rahisi kuitambua ukivaa spika za masikioni: noti inaisha ghafla, au inaisha na mchirizo wa majimaji. Ukisikia hivyo kwenye Joanne au The Crippled Lion, usinunue. Mnong'ono wa mkanda haujawahi kumwua mtu.

Kazi nzuri ya kutoa upya huanza mbali kabla ya hapo, stoo. Rekodi za stereo za 1970 kwa kawaida ziliishia kwenye mkanda wa robo inchi unaokwenda inchi 15 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba albamu moja huwa na mikanda mingi yenye jina lilelile kwenye boksi. Upo ule wa kwanza uliotoka kwenye meza ya kuchanganyia. Upo uliotengenezwa kwa ajili ya kukatia santuri, ambao besi imepunguzwa ili sindano isiruke. Kisha kuna nakala zilizopelekwa nchi za nje ili viwanda vya huko vifyatue santuri zao. Matoleo mengi ya bei nafuu ya Ulaya hufanywa na nakala hizi za mwisho kwa sababu ndizo zilizo karibu, na hapo tayari umepoteza vizazi viwili vya sauti kabla fundi hajagusa kitufe.

Ukishapata mkanda sahihi, unakagua maunganisho. Gundi ya utepe wa kuungia hukauka kwa miaka 50, na mkanda hukatika mashineni au hunata kwenye tabaka la pili. Kila unganisho linafunguliwa, linasafishwa na kufungwa upya kabla ya kuchezwa. Mkanda wa miaka hii kwa kawaida hauhitaji kuokwa. Ugonjwa wa mkanda kunata, unaotibiwa kwa kuuweka kwenye joto la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa, ni wa mikanda iliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970, na mkanda wa asetati ukiuoka unauharibu moja kwa moja. Halafu unalinganisha pembe ya kichwa cha kusomea na toni za majaribio zilizorekodiwa mwanzoni mwa mkanda. Hatua hii ikirukwa, kushoto na kulia hazisomwi kwa wakati mmoja. Msikilizaji anaweza kuikagua mwenyewe nyumbani: geuza sauti iwe mono. Matoazi yakififia na sauti ya mwimbaji ikawa na ukungu, fundi hakupanga kichwa.

Tuje kwenye mpangilio, maana hapa wengi huteleza bila hata kujua. Magnetic South ilitengenezwa kama santuri ya pande mbili, na upande wa kwanza una nyimbo zilizopangwa karibu bila pumzi kati yake. Calico Girlfriend inaanza na mdundo wa Kilatini, Nine Times Blue inapoa, Little Red Rider inapasha moto, kisha The Crippled Lion na Joanne zinakuja mfululizo, polepole mbili kwa pamoja, kosa la kimpangilio kwa kanuni za redio lakini hapa zinaeleweka kwa sababu kinachofuata ni First National Rag, kipande kifupi cha kuchezea kinachomwambia msikilizaji ageuze santuri. Kwenye CD utani huo unabaki ukining'inia hewani. Kwenye mitandao ya muziki ni mbaya zaidi: baadhi ya programu huingiza ukimya mfupi kati ya nyimbo, na mfululizo unakatika vipandevipande. Ingia kwenye mipangilio, tafuta uchezaji usio na mwanya, uwashe. Ni sekunde 10 za kazi na albamu inabadilika.

Upande wa pili unafungwa na Beyond the Blue Horizon, wimbo wa filamu ya 1930, na kabla yake The One Rose. Huu wa pili una historia ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuidai. Jimmie Rodgers aliurekodi Hollywood mwaka 1930 akisindikizwa na Lani McIntire na Wahawaii wake, kwa kampuni ya Victor, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa RCA Victor, lebo ya Nesmith. Gitaa la stili lilitoka Hawaii; Rodgers ni mmoja wa waliolipitisha kuingia kantri, pamoja na yodeli yake. Na sahani za Rodgers hazikuishia Marekani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi huko Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kipsigis wakimwimba "Chemirocha", jina lao la Jimmie Rodgers, ambaye walisimuliana kwamba ni nusu mtu na nusu swala. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1933. Kwa hiyo Nesmith anapovunja sauti kwenye Mama Nantucket, na anapofika The One Rose, anachota kwenye kisima kilekile ambacho mabinti wa Kapkatet walikichota miaka 20 kabla yake, kwa gramafoni. Mkenya aliyekulia kwenye Jim Reeves redioni hahitaji kuelezwa The Monkees ni nani ndipo aelewe albamu hii. Reeves naye alikuwa wa RCA. Njia ya kumfikia Nesmith kutoka upande huo ni fupi kuliko ile inayopita kwenye kofia ya sufu, lakini hakuna kibandiko kilichowahi kuielekeza.

Loose Salute ilitoka mwaka uleule wa 1970 na ni albamu yenye uchangamfu zaidi, ingawa haina umoja wa ile ya kwanza. Silver Moon, wenye mdundo unaoelekea Karibea, ulisimama namba 42. Listen to the Band inarudi humu bila tarumbeta za toleo la The Monkees, na bila tarumbeta unagundua jinsi wimbo ulivyosimama imara wenyewe. I Fall to Pieces, uliofahamika kwa sauti ya Patsy Cline, unapigwa bila unyenyekevu mwingi, na ni bora hivyo. Conversations ndio wimbo ambao The Monkees waliuacha kabatini kwa jina la Carlisle Wheeling.

Nevada Fighter, 1971, ndiyo inayogawa watu. Bendi ilivunjika katikati ya kurekodi. Nafasi zikajazwa na James Burton, Glen D. Hardin, Joe Osborn na Ron Tutt, wapigaji wa daraja la juu kabisa, baadhi yao wakiwa kwenye bendi ya jukwaani ya Elvis Presley. Upande wa kwanza ni nyimbo za Nesmith, ikiwemo Propinquity iliyosubiri tangu Nashville. Wa pili ni za watu wengine, kuanzia Tumbling Tumbleweeds ya Bob Nolan hadi kipande cha Rhodes mwenyewe, Rene. Husemwa upande wa pili ni kujaza nafasi. Sikubaliani. Udhaifu wa albamu uko kwenye mahali pengine: Burton ni mpigaji mkubwa kuliko John Ware na John London wakijumlishwa, lakini hapa gitaa lake linataka nafasi ileile ya stili, na Rhodes kwa mara ya kwanza anasikika kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga. Ustadi umeongezeka, bendi imepungua.

Sasa, kwa nini hadithi hii yote haijawahi kufungashwa pamoja, kuanzia Nashville 1968 hadi 1973? Sababu ni ya umiliki. Rekodi za The Monkees ziko kwa Rhino, chini ya Warner, tangu 1994. Albamu za Nesmith za RCA zilifuata njia ya RCA: zikaenda kwa BMG ya Wajerumani katika miaka ya 1980, na leo ziko chini ya Sony. Kazi zake za kuanzia The Prison, 1974, alizitoa kwa kampuni yake mwenyewe, Pacific Arts. Milango mitatu, funguo tatu. Anayetaka kuweka The Crippled Lion ya 1968 kando ya ile ya 1970 kwenye sahani moja lazima akae meza moja na wapinzani wawili wa kibiashara. Rhino walijaribu kwa mkusanyo wao wa The Older Stuff mwaka 1991, kwa kukodi nyimbo za RCA, na ulikuwa mkusanyo mzuri, lakini mkusanyo kwa asili yake huvunja albamu. Camden, tawi la BMG la Uingereza, walikuja na njia ya albamu mbili kwenye CD moja. Hesabu inaruhusu, kwani kila albamu haifiki dakika 40 na CD inabeba dakika 74 au zaidi. Bei ni nzuri, nyimbo zote zipo. Ila Loose Salute inaanza sekunde chache baada ya Magnetic South kufunga, na albamu iliyoundwa iishe kwa taratibu haipewi nafasi ya kuisha. Ukiwa na nakala hiyo, bonyeza kitufe cha kusimamisha baada ya wimbo wa 11. Kweli, fanya hivyo.

Lebo ndogo ya 7a Records ya Uingereza ndiyo iliyofanya kazi ya heshima zaidi miaka ya karibuni. Mwaka 2019 ilitoa Cosmic Partners, onyesho la 1973 la ukumbi wa McCabe's, California, Nesmith na Rhodes pamoja. Rekodi za aina hii ndizo zinazoeleza albamu za studio kuliko nyimbo za nyongeza zinazobandikwa mwishoni. Nyimbo za nyongeza nazo, kwa kawaida, ziwekwe kwenye sahani ya pili. Kuzibandika nyuma ya wimbo wa kufungia ni kumlazimisha mgeni aliyekwishaaga arudi ndani kula tena.

Kwa anayetaka santuri za zamani badala ya matoleo mapya, namba za RCA ni LSP-4371 kwa Magnetic South, LSP-4415 kwa Loose Salute na LSP-4497 kwa Nevada Fighter. Jihadhari na jambo moja. RCA ilianza kutumia Dynaflex, santuri nyembamba inayopindika mkononi, karibu na kipindi hikihiki. Ikiwa bapa, inapiga vizuri tu. Watu huisema vibaya kupita inavyostahili. Lakini ikiachwa kwenye joto au ikilazwa chini ya rundo hujikunja, na kuinyoosha ni bahati nasibu. Muulize muuzaji akupigie picha santuri ikiwa inazunguka, kwa pembeni, si jalada. Kona ya jalada iliyokatwa au kutobolewa isikutishe. Ni alama ya mzigo uliouzwa kwa bei ya kutupa baada ya kushindwa dukani, na mara nyingi sahani iliyo ndani haijaguswa sana.

Ukinunua moja tu, iwe Magnetic South. Ukinunua mbili, ruka hadi And the Hits Just Keep on Comin' ya 1972, LSP-4695, kabla ya zile nyingine mbili: gitaa la Nesmith, stili ya Rhodes, sauti, basi. Jina ni kejeli kwa RCA waliokuwa wakimdai nyimbo za chati. Humo Different Drum unapigwa polepole na mwenyewe aliyeuandika, na kwa kuwa hakuna dramu wala besi ya kujificha nyuma yake, ndiyo albamu rahisi kuliko zote ya kupimia kama fundi wa toleo jipya alifanya kazi yake au alibana tu. Tantamount to Treason, ya mwaka uleule na bendi ya pili, iache mwisho. Ina mambo mazuri mawili matatu na ukungu mwingi. Ukiitaka, tafuta yenye jalada kubwa la santuri, kwa sababu nyuma yake wamechapa maelekezo ya kutengeneza bia nyumbani, na kwenye karatasi ya CD utahitaji miwani kuyasoma.